Vichwa Vyote vya Nyumba

Nyinyi wasichana mnaosuka watoto siku hizi, toeni hizo vitu masikioni mnisikilize. Leo nina hasira na sitaificha.

Juzi nilikuwa Makongeni kumwona mjukuu wangu, nikapitia saluni moja mpya yenye vioo pande zote na muziki wa kupasua kichwa. Msichana mwenye kucha ndefu kama vijiko alikuwa amemkalisha mtoto wa gredi ya pili hivi. Akamfumua tuta la kwanza, la pili, akafika nusu ya kichwa, kisha akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Woiye, huyu ako na chawa. Mtoeni hapa atajaza kiti."

Akamsukuma yule mtoto kwa mpini wa kitana. Hakutaka hata kumgusa kwa mkono. Saluni nzima ikageuka, mmoja akainua simu apige picha. Mtoto akatoka nje kichwa nusu kimefumuliwa nusu kimesukwa, akitembea huku ameshika ukuta.

Nikamwuliza yule msichana, "Wewe kazi yako ni gani?"

"Shosh, mimi nasuka. Mimi si daktari."

"Sijauliza kama wewe ni daktari. Hicho kichwa umekipeleka wapi?"

Akaniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa, akaongeza muziki.

Ndiyo maana nimeketi kuandika. Shule niliiacha mapema sana, kwa hivyo mwenye kunitafutia makosa ya kuandika atayapata, ajibebee. Lakini vichwa nimevishika. Nilianza kusuka watoto pale Mbotela kibanda changu kikiwa na mabati mapya yanayong'aa, nikaacha mabati yameota kutu na watoto niliowasuka wameniletea watoto wao. Wakubwa waliniita Mama Auma. Watoto waliniita Shosho wa Chawa, yaani nyanya wa chawa, wakidhani sisikii. Nilisikia. Sikuona aibu hata kidogo, maana mtoto aliyeniita hivyo alijua mahali pa kukimbilia.

Aliyenifundisha ni Mama Rehema, mama wa Pwani aliyeolewa huku. Alisuka kwa uzi mweusi wakati huo, na hakuwa mtu wa maneno. Kabla kitana hakijagusa mtoto, alimgeuza kichwa kwenye mwanga wa mlango, akatazama nyuma ya masikio, akatazama kisogoni, kisha akapuliza. Mba hupeperuka. Yai la chawa halipeperuki, limegandishwa kwenye unywele karibu na ngozi, na ukilivuta kwa kucha linakuja polepole likiteleza juu ya unywele. Akiliona, hakupiga kelele. Alimwambia mtoto, "Leo tutakaa sana mimi na wewe," akamtuma mwenzake amletee mtoto andazi. Mama wa mtoto alijua hapohapo. Majirani hawakujua kitu. Nyinyi mnapiga kelele kama mmeshinda bahati nasibu.

Na wako wamama walionikera kuliko chawa wenyewe. Shule inafunguliwa kesho, mtoto anajikuna mpaka damu, mama ananiambia, "Mama Auma, suka tu juu yake. Suka kwa kubana, hawataonekana." Matuta ya kubana, ya mwezi mzima. Yaani umewajengea chawa nyumba, umewawekea chakula ndani, umefunga mlango na ufunguo umeweka mfukoni. Nilikuwa nawarudisha. Wengine walikwenda kwa jirani yangu akawasuka, na baada ya muda walirudi kwangu mtoto ana vidonda chini ya kila mstari, nikafumua mimi, na kunuka kulikuwa kwa kunuka.

Tena kulikuwa na karani mmoja, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alikuja na binti zake wote, kila mmoja amefungwa mfuko wa plastiki kichwani. Nikasikia harufu ya mafuta ya taa kabla hawajafika mlangoni. Na mimi nilikuwa na jiko la makaa pale chini, napasha kitana cha chuma. Nilichukua karai la maji nikalimimina juu ya jiko, mvuke ukatujaa wote usoni.

"Mama, vipi tena," akasema, tai imelowa.

"Bwana, hao ulitaka watoke chawa ama waive?"

Akasema aliambiwa na mtu ofisini. Kila mtu aliyewahi kuunguza mtoto aliambiwa na mtu.

Sasa kazi yenyewe, maana najua wengine wenu mnaruka hadithi mkitafuta dawa. Osha kichwa. Kikiwa bado kimelowa, pakaa kondishona, hiyo rahisi ya chupa kubwa inatosha, jaza mpaka nywele ziteleze kama omena kwenye beseni. Chawa akilowa hivyo anazubaa, hakimbii. Gawa nywele vifungu vidogo, fungua mafundo kwa kitana cha meno makubwa. Ukianza na kile cha meno ya karibu kwenye nywele zetu hizi utavunja kitana, na mtoto hatakuamini tena. Zikishafunguka, ingiza kile kidogo, kiguse ngozi, vuta polepole mpaka ncha, pangusa kwa tishu nyeupe, angalia umetoa nini. Kifungu kwa kifungu. Mtoto akichoka mpumzishe, akilia mwimbie.

Kisha urudie baada ya siku mbili tatu, na tena, na tena. Yai uliloliacha leo litaanguliwa ukiwa umeshajisifu. Usiache mpaka wiki mbili zipite tishu ikitoka nyeupe kila mara. Mwenye kutaka dawa anunue ya chawa kwa kemisti, isiwe ya kitu kingine, asomewe maandishi kama hajui kusoma, na airudie vile imeandikwa. Matandiko yafuliwe kwa maji moto yaanikwe juani, na vitana viloweshwe maji moto pia. Inatosha. Chawa haruki, hana mabawa, anatembea tu kutoka unywele hadi unywele vichwa vikigusana, na akitolewa kichwani kwa mtu hana siku nyingi. Kuna mama mpangaji wa ploti yetu alichoma godoro la watoto. Moshi ulikwenda mpaka Jogoo Road. Jioni watoto wakalala sakafuni vichwa vimebanana vilevile.

Mama Rehema angemwambia awalaze mzungu wa nne, huyu kichwa huku, yule kichwa kule, kila mmoja anuse miguu ya mwenzake. Watoto hulalamika miguu inanuka. Wacha inuke.

Na jambo la mwisho ndilo kubwa. Nyumba nzima iangaliwe siku moja. Vichwa vyote. Hapo ndipo nataka kuwasimulia habari ya Mwende, na hapo ndipo hasira yangu inakaa.

Mwende alikuwa wa gredi ya nne, mtoto wa familia moja ya Ukambani iliyopanga vyumba viwili pale kwetu. Babake, Musyoka, mchongaji, alikuwa anatoka asubuhi na kurudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mamake alikuwa karani kwenye duka la jumla. Kulikuwa na kaka mdogo, na kulikuwa na mama yake Musyoka, mwanamke wa umri wangu, ambaye nyumba nzima ilimwita Susu, ndivyo Wakamba wanavyoita nyanya. Susu alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa kikapu cha kiondo mkononi, na kitambaa cheupe kichwani kimefungwa kama mzigo wa safari. Akisema neno moja, Musyoka na ndevu zake zote alinyamaza.

Mwende aliletwa kwangu akiwa na chawa. Nikamfanyia kazi yote niliyowaambia, mpaka tishu ikatoka nyeupe. Akasukwa, akaenda shule, haukupita muda mwalimu akamrudisha nyumbani. Nikaanza upya. Akapona. Akarudishwa tena. Mara ya tatu mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake, akasema asionekane mpaka awe safi. Safi. Mtoto aliyekuwa anaoga mpaka ngozi inapauka. Chawa hajali kama umeoga, anataka damu ya joto tu.

Nikamwuliza mamake, "Mama Mwende, vichwa vyote vimeangaliwa?"

"Vyote, Mama Auma. Mimi umeniangalia wewe mwenyewe. Baba yake ana upara. Huyu mdogo hunyolewa kila wiki."

"Vyote?"

"Vyote kabisa."

Alisema bila kupepesa, na nawaambia hakuwa anadanganya. Hiyo ndiyo shida niliyochelewa kuiona.

Asubuhi moja akaja akikimbia, amemshika Mwende mkono. Mtoto hakuwa analia tena, alikuwa anatetemeka tu. Kisogoni na nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imebabuka kama nyanya iliyotiwa maji moto.

"Umempaka nini?"

"Ni Susu alisema. Alikuwa na chupa ametoa nyumbani Ukambani."

"Chupa ya nini?"

Akanong'ona. Ilikuwa dawa ya kupe. Ile ya kuogeshea ng'ombe.

Nilimbeba Mwende mgongoni mpaka zahanati, na mtoto wa gredi ya nne ni mzito. Nesi alimwosha kwa maji mengi, akamfunga bandeji, akatuambia hicho kichwa kisipakwe kitu chochote mpaka kipone, hata dawa halali ya chawa. Kwa hivyo mtoto alikuwa na kidonda, bado alikuwa na chawa, na dawa haikuruhusiwa. Kitana tu, tena kwa pembeni, mbali na kidonda. Na kama chawa wangeendelea kuja kutoka walikokuwa wakitoka, wangekula kwenye kidonda kile.

Nilimgombeza mamake palepale kwenye foleni, watu wote wakisikia.

"Susu amesema, Susu amesema. Hiyo mikono iliyomwaga ilikuwa ya Susu?"

"Mama Auma, nikimkatalia mama mkwe nitaishi wapi?"

Nilikuwa na hasira tu, na haikuwa na mahali pa kukaa.

Susu akaipatia mahali. Siku ya pili yake, pale mferejini tunapochotea maji, wamama wamejaa na mitungi, akatangaza kwamba sasa amejua chawa wanatoka wapi. Wanatoka kwa Hibo.

Hibo alikuwa rafiki wa Mwende, mtoto wa familia ya Kisomali ya mlango wa tatu, wenye duka la vitambaa. Walikuwa wanafanya homuwaki pamoja kwenye ngazi, kitabu kimoja, vichwa viwili.

"Mnadhani wanajifunika bure?" Susu akasema, amesimama na kitambaa chake cheupe kichwani. "Chini ya ile hijabu kuna kitu kinafichwa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona kwamba naye amejifunika. Hata mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa changu.

Mama Hibo alikuwa nyuma yetu. Aliweka mtungi chini. "Umesema nini, mama?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Nilitaka urudie ukiniangalia."

Susu hakurudia. Lakini kufikia mchana Mwende alikuwa amekatazwa kukaa ngazini, na watoto wa ploti walikuwa wakimkimbia Hibo wakishika vichwa vyao.

Jioni ile Mama Hibo akaja kwangu na Hibo. Akasema nifunge pazia. Akamvua mtoto hijabu mwenyewe. Nikageuza kichwa kwenye mwanga, nikatazama masikioni, kisogoni, nikapuliza, nikapitisha kitana kifungu kwa kifungu. Tishu ilitoka nyeupe kama ilivyoingia.

"Huyu hana kitu," nikasema.

"Najua hana. Mimi namwangalia kila Alhamisi." Alikuwa anamfunga Hibo hijabu. "Mimi nimezaliwa hapa karibu, Mama Auma. Nimesoma hapa, nimeolewa hapa. Lakini mdudu akionekana, mimi ndiye nimemleta. Toka nje uwaambie ulichoona."

"Nikiwaambia wako ni msafi, wataniuliza wanatoka kwa nani."

"Si wewe ndiye Shosho wa Chawa? Tafuta ni kwa nani."

Basi kesho yake asubuhi nikaenda. Sikuwa najua ninakwenda kusema nini, nilikuwa nakwenda kugombana. Nilimkuta Susu ameketi kwenye kigoda mlangoni, kiondo mapajani, anapitisha uzi kwa ile sindano nene ya kushonea mishipi ya kiondo. Kabla sijafungua mdomo, ile sindano ikainuka. Ikaingia chini ya kitambaa, nyuma ya sikio. Ikakuna, kwa utulivu, kama mtu aliyezoea. Ikatoka, ikarudi kwenye kiondo.

Nikasimama pale kama niliyepigwa kofi. Mama Mwende aliponiambia vichwa vyote vimeangaliwa, aliamini ni vyote. Katika hesabu yake Susu hakuwa na kichwa cha kuangaliwa. Alikuwa na kitambaa. Mke wa mwana hamwambii mama mkwe avue kitambaa, kama vile hamwambii avue nguo. Afadhali amwage dawa ya ng'ombe juu ya mtoto wake mwenyewe. Na sisi ploti nzima tungefanya vilevile, tukaita hiyo heshima.

"Karibu, Mama Auma," akasema. "Umeletea mtoto dawa?"

"Nimeleta kitana."

"Ameenda shule. Amelazimisha."

"Si chake."

Alinielewa upesi, uso ukafunga. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikafungua kitambaa changu, na nywele zangu si za kuonyesha watu, nikapiga magoti, nikalaza kichwa juu ya kiondo chake.

"Anza na mimi. Nitafute chawa."

Kisha nikasikia vidole vyake. Vidole vya mtu aliyewatafuta watoto wake wote, vinajua njia. Alipitia kichwa chote.

"Huna."

"Haya. Sasa wewe."

"Tangu nimzike baba Musyoka hakuna mtu ameona kichwa changu," akasema. "Hata Musyoka. Wewe unataka mke wa mwanangu aje anione upara aende akacheke na wenzake?"

"Mwende analala wapi, Mama Musyoka?"

Akachukua tena sindano yake.

"Analala na nani?"

"Mimi mama mzima unaniambia nina chawa?"

"Nakuambia kidonda kile kiko kwenye kichwa cha mtoto kwa sababu ya hicho kitambaa. Na mtoto wa jirani anakimbiwa kwa sababu ya hicho kitambaa."

"Toka kwenye mlango wa mwanangu."

Nilikuwa nainuka nitoke, nikijua nimeharibu, Mwende akaingia. Amerudishwa tena. Bandeji imefunikwa na kofia ya sweta, macho kwenye viatu. Alitusalimia sote wawili kwa adabu, akapita ndani, akatoka amekumbatia blanketi.

"Unaipeleka wapi hiyo?" Susu akamwuliza.

"Kule kwenye viti. Nitalala chini, Susu."

"Nani amesema ulale chini?"

"Mwalimu amesema zinapanda kwa mtu." Alirudi nyuma hatua, Susu alipomnyoshea mkono. "Usinishike. Sitaki zikupande."

Sindano ilibaki hewani. Mimi niliweka kitana changu juu ya kigoda cha pili, nikafunga kitambaa, nikaenda zangu. Kuna wakati mtu akiongeza neno anapunguza.

Jumamosi kibanda changu cha kusukia kilikuwa kimejaa wamama, nikageukia mlango. Susu alikuwa mlangoni na kitana changu mkononi, Mwende kando yake. Nyuma yao alikuwa Mama Hibo amekunja uso, na Hibo ameshika buibui lake.

"Huyu mama amenigongea mlango," Mama Hibo akasema. "Amesema nije. Hajasema kwa nini."

Nikamtolea Susu kiti, nikavuta pazia.

"Liache wazi," Susu akasema.

"Kuna watu, Mama Musyoka."

"Nimewaona. Mtoto wa watu nilimsema mferejini. Pale hapana pazia."

Akaketi, akanyosha mikono nyuma, akafungua. Mafundo yalikuwa mawili na yamekazwa, nikataka kumsaidia akanipiga mkono. Kitambaa kikaanguka mapajani. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, utosini hakuna kitu. Alikaa wima kama aliyeketi mbele ya chifu. Hakuna mwanamke aliyecheka mle ndani. Angecheka mtu siku ile ningemfuata kwao.

Nikapakaa kondishona, nikagawa, nikavuta. Tishu ya kwanza ikatosha. Mwende akasogea akaiangalia, kisha akamwangalia nyanyake.

"Susu, hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Kwa hivyo si mimi nilikupatia?"

"Mimi ndiye nilikuwa nakupatia. Kila usiku."

Mwende akafikiri, uso wote umekunjamana. "Basi naweza kurudi kitandani?"

"Ukinigeuzia miguu," Susu akasema. "Na uwe umeiosha."

Hapo ndipo tulicheka, na wengine walikuwa wanapangusa macho. Susu hakumtazama Mama Hibo. Hakusema samahani, neno hilo sidhani lilikuwa kinywani mwake. Mama Hibo hakumpa mkono, na sikumlaumu. Kisha akakunja mikono ya buibui, akachukua kitana changu kingine mezani.

"Inamisha kichwa, mama," akasema. "Huku nyuma Mama Auma hajafika."

Wiki zile tulipitisha kitana nyumba nzima, kila siku mbili tatu, na Mwende hakurudishwa nyumbani tena. Sasa ni msichana mkubwa. Lakini nyuma ya sikio lake la kushoto pana mahali hapajaota nywele, ngozi tupu inayong'aa, na bado ananiomba nimsuke matuta ya kwenda upande huo pafunike. Nimeacha kazi, yeye pekee bado namsuka. Kila nikifika pale hasira hunipanda upya. Susu alikwishaoneshwa kosa lake na akakubali, Mungu amrehemu, na nywele hazikuota kwa hilo.

Ndiyo maana juzi niliposhindwa na yule msichana wa kucha, nilimfuata yule mtoto nje. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za duka, ameinamisha kichwa chake cha nusu kwa nusu. Sikumwuliza kama anaoga. Niliketi kando yake, karibu, nikamuuliza analala na nani. Akanitajia. Nimeshapeleka kitana kwao, na nimeambiwa kwamba mmoja kati ya hao ni mtu mkubwa, asiyeguswa kichwa.

Kesho naenda kugonga. Nitavua kitambaa changu kwanza.